Kupanda na Kushuka Bonde la Mto Zigi kwa Baiskeli ya Changarawe: Mwongozo wa Njia ya Muheza hadi Amani

Mto Zigi, ambao wengine huuandika Sigi, huanzia kwenye misitu ya milima ya Usambara Mashariki katika Mkoa wa Tanga, hukusanya vijito vinavyoteremka kutoka kwenye mashamba ya chai na vilele vyenye ukungu, kisha hupita tambarare na kuingia Bahari ya Hindi karibu na mji wa Tanga. Ndani ya bonde hilo imepita barabara ya vumbi na kokoto inayotoka Muheza, ikakata mashamba ya machungwa na mitiki, ikafika lango la hifadhi ya msitu wa Amani kwenye kituo kiitwacho Sigi, halafu ikapanda msituni kwa kona nyingi hadi Amani. Kwa mtu anayependa kuendesha baiskeli mbali na lami, sijaona njia nyingine karibu na pwani yetu inayokusanya mengi namna hii katika safari ya siku moja hadi tatu: joto la chini, baridi ya juu, mto, msitu wa asili, chai, na vijiji ambavyo bado mgeni anasalimiwa kabla ya kuulizwa anakokwenda.

Nimeipanda na kuishuka barabara hii wakati wa jua na wakati wa mvua, na jambo ninalotaka msomaji alishike kabla ya mengine yote ni hili: safari ya Amani hupangwa kuanzia mwisho wake. Wengi hujiandaa kwa ajili ya kupanda, kwa sababu mlima ndio unaoonekana na ndio unaosimuliwa. Lakini anayechoka akipanda hushuka akasukuma baiskeli, na hapati madhara yoyote zaidi ya jasho. Mteremko wa kurudi Sigi, wenye mawe yaliyolegea, kona za ghafla na utelezi chini ya kivuli, ndio unaoumiza watu. Kwa hiyo msimu wa kwenda, aina ya tairi, hali ya breki, hata saa ya kuamka, vyote vichaguliwe kwa kujiuliza kama vitakushusha salama.

Ifahamu njia kabla ya kuipanga

Muheza iko kwenye barabara kuu ya lami kati ya Segera na Tanga, kwa hiyo ni rahisi kufika kwa basi ukiwa na baiskeli kwenye buti. Kutoka hapo hadi lango la Sigi ni takriban kilomita 25, na sehemu kubwa ni mawimbi ya vilima vidogo badala ya mlima wenyewe. Sigi iko kwenye mwinuko wa mita 450 hivi kutoka usawa wa bahari. Amani iko kwenye mita 900 hivi, na kati ya lango na Amani ni kama kilomita 9. Ukigawanya, unapata wastani wa kupanda mita 5 kwa kila mita 100 unazokwenda, kiasi ambacho kwenye karatasi hakitishi. Wastani huo lakini unaficha ukweli wa barabara, kwa sababu kuna vipande ambavyo karibu vimelala na kuna kona ambazo baiskeli husimama kama farasi, tena penye mawe.

Kwa hiyo njia ina sehemu tatu, na kila moja ina tabia yake: tambarare ya Muheza hadi Sigi, kipando cha Sigi hadi Amani, na uwanda wa juu wenye barabara za mashamba ya chai ya Kwamkoro, Monga na Derema. Mgeni wa njia hizi afanye safari ya siku tatu, yaani siku ya kwanza apande hadi Amani na kulala, siku ya pili azunguke juu bila mizigo, na siku ya tatu ateremke asubuhi. Mwenye miguu iliyozoea anaweza kwenda na kurudi kwa siku moja, na ataweza. Hasara yake ni kwamba atashuka akiwa amechoka, saa za alasiri, wakati ambapo mawingu ya Amani hupenda kujikusanya.

Hatua ya kwanza: chagua msimu kwa kufikiria udongo

Milima hii iko umbali wa takriban kilomita 40 tu kutoka baharini, na ndiyo ukuta wa kwanza ambao upepo wenye unyevu hukutana nao. Upepo ukilazimika kupanda hupoa, unyevu wake hugeuka ukungu na mvua, na ndiyo sababu Amani hupata mvua karibu kila mwezi wa mwaka, hata pale Muheza inapokuwa na vumbi. Mtu asiyelijua hilo huangalia mbingu ya Muheza, akaona samawati tupu, akaondoka bila koti.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, usiende na baiskeli. Siyo suala la ushujaa. Udongo wa kipando hiki ni mwekundu wa mfinyanzi, na ukilowa hujaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Ukiisukuma baiskeli unakuwa umebeba kilo kadhaa za matope juu ya uzito wa baiskeli yenyewe. Vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, inawezekana kwa mwenye subira, kwa kuwa mara nyingi mvua hunyesha kwa vipindi na jua hurudi, lakini acha siku moja ya akiba katika ratiba yako. Miezi ninayoipenda ni Juni hadi Septemba, wakati hali ya hewa ni ya ubaridi na machungwa yamejaa barabarani Muheza. Januari na Februari barabara hukauka vizuri zaidi, ila joto la tambarare ni kali, na mitiki, ambayo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, haitakupa kivuli pale unapokitaka sana.

Kanuni ninayoifuata ni kutazama siku mbili zilizopita kuliko siku inayokuja. Ikiwa imenyesha sana juu kwa siku mbili mfululizo, ahirisha, hata kama leo kumekucha jua. Barabara iliyo chini ya miti mikubwa haikauki kwa asubuhi moja.

Hatua ya pili: iandae baiskeli kwa ajili ya mteremko

Baiskeli ya changarawe ni ile yenye usukani uliopinda kama wa baiskeli ya mbio, lakini yenye fremu iliyoachwa nafasi ya tairi pana na gia nyepesi zaidi. Kama huna, baiskeli ya milimani itafanya kazi vizuri, na kwa kweli katika kipande cha Sigi hadi Amani itakuwa raha zaidi. Baiskeli ya mbio ya tairi nyembamba iache nyumbani.

Anza na breki. Kama ni za diski, toa pedi na uzitazame kwa macho yako. Zikiwa zimebaki nusu, badilisha kabla ya safari, kwa sababu maji yenye mchanga husugua pedi kama msasa, na pedi laini zinaweza kwisha katika mteremko mmoja wa mvua. Zile zilizotengenezwa kwa chembe za chuma hudumu zaidi katika matope, ingawa hupiga kelele. Beba jozi moja ya akiba, maana fundi wa Muheza, ambaye kwa baiskeli za Phoenix ni hodari kuliko wengi wetu, hatakuwa nayo. Kama breki zako ni za waya, badilisha waya ulioanza kuchanika, kaza hadi mkono wa breki ushike mapema, na hakikisha unaweza kuuvuta kwa vidole viwili ukiwa umeshika sehemu ya chini ya usukani. Jaribio hili la mwisho watu hulisahau. Wanajaribu breki wakiwa wamekaa wima uani, kisha wanagundua mlimani kwamba vidole havifiki.

Baada ya breki ni tairi. Upana wa milimita 45 ndio ninaouona kuwa kiwango cha chini kwa njia hii, na 50 ni bora zaidi kama fremu inaruhusu na bado inabaki nafasi ya matope kupita. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 45 anaweza kujaza PSI (kipimo cha shinikizo la upepo) 30 hadi 35. Akitumia tyubu aelekee juu ya kiwango hicho ili tyubu isibanwe na jiwe dhidi ya rimu, na akitumia tairi lisilo na tyubu anaweza kushuka chini yake kidogo. Upepo mwingi hurusha baiskeli kutoka jiwe hadi jiwe, na tairi lililo hewani haliwezi kukusimamisha.

Kuhusu gia, nahesabu hivi: sproketi ndogo kabisa ya mbele isizidi kwa meno sproketi kubwa kabisa ya nyuma. Ukiwa na meno 34 mbele na 42 nyuma utapanda ukikaa kwenye kiti. Hilo ni muhimu kwa sababu kwenye kokoto zilizolegea ukisimama kukanyaga, uzito hutoka gurudumu la nyuma na tairi huteleza bure.

Vifaa vya kubeba si vingi: tyubu mbili, viraka na gundi, pampu, funguo, kiungio cha cheni, kipande cha tairi kuukuu cha kuziba mpasuko, na kile kipande kidogo kinachoshikilia kihamisha gia cha nyuma kwenye fremu, ambacho hukatika baiskeli ikiangukia upande wa kulia. Pancha nyingi ninazozifahamu hazikutokea mlimani, zilitokea tambarare, karibu na mashamba ya machungwa, ambako matawi yaliyopogolewa huacha miiba barabarani.

Hatua ya tatu: maliza vibali na mawasiliano ukiwa bado chini

Msitu wa Amani ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, ya kwanza ya aina hiyo nchini, iliyotangazwa mwaka 1997 na yenye zaidi ya hekta 8,000. Inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kiingilio hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, kupitia simu au benki, na kiwango cha raia ni tofauti na cha mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Wasiliana na ofisi ya hifadhi kabla ya siku ya safari, eleza kwamba unakuja na baiskeli, na uulize hali ya barabara. Walinzi wanaishi nayo, na jibu lao lina thamani kuliko ramani yoyote ya simu.

Mtandao ndani ya bonde hukatika. Pakua ramani mapema iweze kufunguka bila intaneti, mwachie mtu wa Muheza au wa nyumbani saa unayotarajia kufika, na beba fedha taslimu za noti ndogo.

Uliza pia kuhusu njia za miguu. Hifadhi ina njia kadhaa nzuri za kutembea msituni, nami nashauri ziachwe zibaki za miguu. Udongo wake ni mwembamba juu ya mizizi, na alama ya tairi kwenye mteremko hugeuka kuwa mfereji mvua ya kwanza inapokuja. Baiskeli ibaki kwenye barabara za magari, ambazo zinatosha kabisa. Ukitaka kuingia ndani, ifunge, chukua mwongoza wageni wa hifadhi, utembee.

Hatua ya nne: Muheza hadi Sigi

Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mara kunapopambazuka. Ukichelewa hadi saa tatu, joto litakuwa limekaa bondeni, nawe utaanza mlima ukiwa umeshapoteza maji mengi. Jaza lita mbili hadi tatu Muheza, kula chapati na chai ya kutosha kwa mama lishe, na kamwe usikimbie kilomita hizi 25. Zitumie kama kupasha mwili, kwa saa mbili au zaidi kidogo.

Barabara hii ina magari. Katikati ya mwaka utakutana na malori yaliyojaa machungwa, na mwaka mzima kuna bodaboda, matrekta na magari yanayobeba magogo ya mitiki kutoka shamba la miti la Longuza. Lori likikujia kutoka nyuma, usishindane nalo kwa nafasi wala usingoje lipige honi. Toka kushoto mapema, weka mguu chini, liache lipite, kisha subiri vumbi litulie. Dereva wa lori lililobeba magogo hawezi kusimama ghafla kwenye kokoto, kama wewe usivyoweza.

Kwenye mchanga, legeza mikono, sogeza uzito nyuma kidogo, na uendelee kukanyaga kwa gia ya wastani bila kukata kona. Kwenye vile vimatuta vidogo vidogo vinavyofuatana, ambavyo hutikisa meno, tafuta ukingo wa barabara, kwani mara nyingi magari hayajaukanyaga. Wapo watu wanaotembea kwenye ukingo huohuo wakiwa na kuni au ndoo kichwani, na mtu mwenye mzigo kichwani hawezi kugeuka haraka. Piga kengele ukiwa mbali, punguza mwendo, salimia. Mzee apewe shikamoo yake hata kama umehema. Nimeonyeshwa njia za mkato, nimepewa maji, na nimeonywa kuhusu daraja bovu na watu niliosimama kuwasalimia.

Kadiri unavyosogea, mashamba ya machungwa yanapungua na mitiki inachukua nafasi, kisha milima inakuja karibu pande zote mbili, na sauti ya mto inaanza kusikika. Angalia rangi ya maji popote unapouona mto. Yakiwa meupe na mepesi, juu kumetulia. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, juu kumenyesha, hata kama wewe uko juani, na vijito vinavyokatisha barabara za pembeni vinaweza kujaa kwa ghafla. Usivuke kwa baiskeli maji yanayotembea ambayo yanazidi goti, na usiingie kuoga kwenye maji yaliyotulia ya tambarare, kwa sababu ya kichocho.

Pale Sigi, pumzika angalau nusu saa. Kilikuwa kituo cha mwisho cha reli nyembamba iliyojengwa enzi za Wajerumani kutoka Tengeni, kwenye reli ya Tanga, kwa ajili ya kuteremsha mbao za msitu huu, na nyumba ya msimamizi wa kituo bado ipo, ikitumika kwa shughuli za hifadhi. Nikikaa hapo huwa nawaza kwamba reli yenyewe iliishia chini ya kipando. Waliojenga walijua gharama ya kilomita zinazofuata.

Hatua ya tano: kipando cha Sigi hadi Amani

Punguza upepo wa tairi kwa PSI mbili au tatu, jaza maji, na uanze taratibu kiasi cha kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukianza kwa kasi, kona za mwanzo zitakudai baadaye. Panga saa moja na nusu hadi mbili.

Barabara inapanda huku msitu ukibadilika. Miti inakuwa mirefu, hewa inapoa, na kwenye magogo unaanza kuona kuvu na majani ya porini. Kwenye kona zinazopinda karibu kurudi nyuma, usishike upande wa ndani. Upande huo ni mfupi lakini ndio wenye mwinuko mkali na mawe yaliyochimbuliwa na magurudumu ya magari. Pita katikati au nje kidogo, baada ya kuhakikisha kwa macho na masikio kwamba hakuna gari linaloshuka. Zima muziki kabisa. Kwenye barabara yenye upana wa gari moja na msitu unaoficha kona, sikio lako ndilo linalokupa nafasi ya kuamua.

Ukishindwa, shuka usukume bila kuona haya. Wakulima wa huku husukuma baiskeli zenye gia moja zikiwa na magunia, kwa hatua fupi na za kudumu, na ukiwatazama utajifunza namna ya kusukuma: mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kiti, mwili karibu na baiskeli. Unaposimama kupumzika, tazama chini kwanza, hasa baada ya mvua, kwa sababu siafu huvuka barabara kwa misururu, na mtu aliyewakanyaga hasahau.

Vituo vya kupumzikia navichagua penye maji na mwamba wenye kivuli. Kwenye miamba ya namna hiyo ndipo huota lile ua dogo la zambarau ambalo wenyeji huliita dughulushi, lililopelekwa Ulaya na mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, miaka ya 1890, na ambalo leo hupandwa madirishani duniani kote ilhali asili yake ni misitu yetu. Litazame, usiling'oe. Juu ya kichwa utasikia hondohondo kabla ya kuwaona, na mara nyingine mbega wataruka kutoka mti hadi mti bila kukujali.

Hatua ya sita: juu Amani, endesha bila mizigo

Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa kilimo na viumbe hapa Amani mwaka 1902, wakapanda mimea kutoka pande nyingi za dunia, na bustani yao ya mimea ingali inaonekana. Baadhi ya miti waliyoileta wageni ilivuka mipaka ya bustani. Maesopsis eminii imeenea sana ndani ya msitu wa asili, na mwongoza wageni atakuonyesha tofauti kati yake na miti ya hapa kama mtambara na msambu.

Kwa siku ya pili, chukua barabara ya Kwamkoro ikiwa unataka msitu mwingi kabla ya chai, au elekea Monga na Derema ikiwa unataka kuona bonde na mashamba ya chai yaliyofunika vilima. Zote ni barabara za kupanda na kushuka kwa vipande vifupi, na hapa ndipo baiskeli ya changarawe inapofurahia maumbile yake, kwa kuwa udongo uliokanyagwa na magari ya chai huwa mgumu na uliosawazika wakati wa ukavu. Nashauri uende na kurudi kwa njia ileile siku ya kwanza ya kuzunguka. Barabara za mashamba hugawanyika mara kwa mara, ukungu huingia kwa dakika chache, na njia panda mbili ndani ya chai hufanana kama mapacha. Barabara za ndani ya mashamba zina wenyewe, hivyo omba ruhusa kwa mlinzi au msimamizi. Wachumaji wakiwa kazini, usiwapige picha bila kuwauliza.

Beba koti jepesi la mvua na fulana kavu kila unapotoka. Mtu aliyepanda akiwa amelowa jasho hupata baridi haraka akisimama kwenye ukungu.

Jioni ya siku hii, kabla ya kula, geuza baiskeli na uikague kwa ajili ya kesho: pedi, waya, spoku moja baada ya nyingine, skrubu za usukani. Kazi hii ifanye mchana bado upo.

Hatua ya saba: kushuka

Anza kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, ukungu ukishainuka na kabla ya mvua ya alasiri. Kama usiku umenyesha sana, subiri. Kama bado kunanyesha na ni lazima ushuke, tafuta gari au sukuma vipande vikali. Sioni njia ya tatu.

Shika sehemu ya chini ya usukani, vidole viwili kwenye kila breki, viwiko vimekunjwa, kiti umekiinukia kidogo, pedali zote mbili zikiwa sawasawa na ardhi. Macho yawe mita kumi hadi kumi na tano mbele. Mtu anayelitazama jiwe lililo mbele ya gurudumu hugongana nalo. Punguza mwendo kabla ya kona, barabara ikiwa bado imenyooka, kisha legeza breki ya mbele unapoingia ndani ya kona, kwa sababu gurudumu la mbele likifungwa wakati limeinama hakuna ustadi wa kukuokoa. Breki ya mbele ina nguvu zaidi na usiiogope, lakini iminye polepole kama unavyokamua chungwa, na uiache mara unapofika kwenye tope au majani yaliyolowa.

Usishike breki muda wote. Mwendo wote unaouzuia hugeuka joto, na diski ikishika joto sana pedi hupoteza uwezo wake. Kwenye breki za mafuta, mafuta yakichemka mkono wa breki hulegea hadi unagusa usukani. Minya kwa nguvu, achia, minya tena, na kila baada ya kilomita mbili simama dakika tano. Usiiguse diski kwa kidole kujua kama imepoa, dondoshea tone la maji usikilize.

Siku moja ya vuli nilishuka bila kusimama kwa sababu niliogopa kuchelewa basi. Kwenye kona iliyokuwa na kivuli kizito breki ya nyuma ilikuwa imekwisha kabisa, nikabaki na ya mbele peke yake juu ya mfinyanzi uliolowa, na nilichoweza kuchagua ni upande wa kuangukia. Nilichagua upande wa mlima. Hilo lishike nawe: ikibidi kuanguka, angukia upande wa mlima, kamwe usiukaribie ukingo wa bonde. Basi lenyewe, kwa taarifa yako, nililikosa vilevile.

Panga dakika 40 hadi saa nzima kwa kilomita hizi 9, ukihesabu mapumziko. Ukikutana na gari linalopanda, wewe ndiye wa kusimama, kwani likisimama juu ya mawe huenda lisiondoke tena.

Ukifika Sigi, rudisha upepo wa tairi kwa ajili ya tambarare na uikague cheni. Baiskeli itakuwa nyekundu kwa udongo, na kijito kitakuwa karibu, kinavutia. Usiioshee mtoni. Maji haya huingia bwawa la Mabayani, ambalo ndilo tegemeo la mji wa Tanga kwa maji ya kunywa, na wakulima wa mabonde ya mito Kihuhwi na Zigi wamejiunga katika umoja wao wa UWAMAKIZI kuacha kulima kwenye kingo ili mto ubaki safi. Chota ndoo moja, sogea mbali na ukingo ambapo maji yatazama kwenye majani, futa cheni yenye mafuta kwa kitambaa badala ya kuimwagia, na kitambaa hicho urudi nacho Muheza ndani ya mfuko.